Matini Isiyoganda: Albamu ya Pili ya Grateful Dead

Mwaka 1968 kundi la Grateful Dead la California lilitoa Anthem of the Sun, albamu yake ya pili. Mtayarishaji Dave Hassinger alijitoa kazi ikiendelea. Jerry Garcia na Phil Lesh, wakisaidiwa na fundi sauti Dan Healy, wakazichanganya rekodi za studioni na za maonyesho mbalimbali ya jukwaani, hata zikapishana ndani ya wimbo mmoja. Utendaji unaosikika humo, basi, haukupata kutukia popote. Mwaka 1971 Lesh aliichanganya upya. Kurekodi, ambako wahakiki wa fasihi simulizi hukulaumu kwa kugandisha matini, hapa kulizaa matini mbili. Zilipotolewa pamoja mwaka 2018, msikilizaji aliachiwa kazi ya mhariri.