Lamu Walipouliza Taarifa Iko Wapi

Sisi wana-Mikese hatuna bahari. Tuna reli, tangu Wajerumani walipoifikisha Morogoro mwaka 1907, tuna barabara kuu, na milima ya Uluguru tunaiona kila tukiinua macho. Kwa hiyo ndugu mmoja kwenye kamati alikuwa na haki ya kuhoji habari za mji wa pwani ya Kenya zinaingiaje kwenye kijitabu chetu cha harambee. Zinaingia kwa sababu ya ardhi. Mwaka huu tunaomba mchango wa jambo lisiloonekana kwa macho kama darasa au kisima, na hatujaona mfano unaolieleza vizuri kuliko huo.

Lamu ni mji mdogo wa kale. Vichochoro vyake ni vya watu na punda, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wengi wanaishi kwa uvuvi, mashua na wageni. Mwaka 2014 kampuni ya Amu Power ilipata zabuni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi upande wa bara, kama kilomita 20 kutoka mji mkongwe. Gharama ilitajwa kuwa dola za Marekani bilioni 2 hivi. Makaa yenyewe yangeanza kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini.

Tusiwapambe watu wa Lamu. Hawakuwa na kauli moja. Walikuwapo waliotaka ajira, na wenye mashamba waliokuwa wakisubiri fidia. Ukiwa na watoto wa kusomesha, fidia si neno dogo. Wavuvi nao walihofia maji ya moto ambayo mtambo ungeyarudisha baharini, na wengine wakahofia moshi na majivu. Vikundi vya wenyeji vikaungana chini ya jina la Save Lamu. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilipotoa leseni Septemba 2016, wao na wenzao walikwenda kuipinga Novemba mwaka huohuo mbele ya baraza la taifa linalosikiliza rufaa za mazingira.

Kesi ilikwenda karibu miaka mitatu. Hukumu ikatoka tarehe 26 Juni 2019, leseni ikafutwa. Hapa sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tulirudia kusoma mara mbili, maana baraza halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika, na utafiti ulipokamilika, wananchi hawakurudiwa wakaelezwa kilichomo. Yaani watu waliombwa maoni juu ya kitabu ambacho hakijaandikwa. Kwa mkaguzi wa hesabu, hiyo ni sawa na kupitisha matumizi kwanza na kutafuta hati za malipo baadaye.

Baada ya hapo fedha zilianza kukimbia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa 2019, na mwaka 2020 ikafuata benki ya ICBC ya China. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Malindi ikaitupa. Tukiongeza la kwetu: mkataba wa kuuza umeme ulikuwa wa miaka 25, wenye malipo ya kila mwaka hata kama mtambo umelala. Mhasibu yeyote angeomba kuuona huo mkataba kabla ya kuuliza habari za moshi.

Wazee wetu wa Uluguru walipita njia kama hiyo, ila wao hawakuwa na baraza la kukimbilia. Kwenye miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia haikuwa biashara, wala haikuwa mbaya. Lakini wenye milima hawakusikilizwa waliposema udongo wa juu ni mwembamba na kwamba ukiugeuza unapanda kwenye udongo mfu. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Ndipo mpango ule wa lazima ulipoachwa.

Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ipo. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, na ikiwa haizidi hekta 250, anayekubali au kukataa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ikizidi hapo anaamua Waziri, baada ya mkutano huo kutoa mapendekezo yake. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024, sisi tunaokwenda nyumbani kwa misiba tunaulizwa bei ya ekari kabla hata ya kupewa pole. Viwanda vije, vijana wetu wanahitaji kazi. Ila kijiji kisichojua mipaka yake, kisicho na muhtasari wa mkutano uliosainiwa, kitasema nini siku mwekezaji akija na ramani yake mwenyewe?

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyetu, hatimiliki za kimila kwa kaya zisizo na uwezo, wajane kwanza, na mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu kwa watendaji na wajumbe wa halmashauri za vijiji. Mchanganuo wa gharama uko ukurasa unaofuata. Stakabadhi zote zitakuwa mezani kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuzipekua.