Jinsi Mpigo wa Sumaku Ulivyopata Umbo

Mwaka 1985, katika jiji la Sheffield nchini Uingereza, Anthony Barker na wenzake Reza Jalinous na Ian Freeston walisogeza koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakaruhusu umeme upite. Mlio mmoja mkavu, tak! Vidole vya mkono wa upande wa pili vikaruka vyenyewe. Hakuna sindano iliyoingia, wala ngozi haikuguswa na umeme.

Miaka mitano kabla ya hapo, watafiti Merton na Morton walikuwa wameshauamsha ubongo kwa umeme uliopitishwa kwenye ngozi ya kichwa, na maumivu yake hayakuwa madogo. Sumaku ilikuja na nafuu. Uga wake hupita kwenye fuvu bila kizuizi, na unapobadilika kwa kasi huzalisha mkondo ndani ya ubongo wenyewe, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831.

Kasoro ilikuwa kwenye swichi. Katika mashine za kizazi hicho, kapasita hujazwa umeme, kisha swichi iitwayo thairista huachia maelfu ya ampea zimwagike kwenye koili kwa muda usiofika milisekunde moja. Thairista hujua kuwasha tu. Ikishawasha, haizimi mpaka mkondo wenyewe ufike sifuri. Kwa hiyo daktari aliweza kuongeza nguvu au idadi ya mapigo, lakini umbo la mpigo lilishaamuliwa na kapasita na koili kiwandani.

Na umbo si jambo dogo. Utando wa seli ya neva ni kama ndoo yenye tundu: ukimimina polepole, maji hutoka kabla haijajaa. Seli hazivuji kwa kasi moja, ndiyo maana mpigo mfupi na mpigo mrefu huweza kuamsha seli tofauti mahali palepale.

Mwaka 2008, Angel Peterchev na Sarah Lisanby wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza mashine inayotoa mpigo unaokaribia umbo la mstatili, wenye upana unaorekebishika. Jina jingine kwenye andiko lao ni Reza Jalinous, yuleyule wa Sheffield. Badala ya thairista walitumia transista ya umeme mkubwa, inayoweza kuukata mkondo ukiwa bado unakimbia. Toleo la 2011 likarudisha sehemu ya nishati kwenye kapasita, na koili ikapungua joto.

Baadaye, Oxford, kundi la Majid Memarian Sorkhabi na Timothy Denison lilijenga mpigo kwa ngazi ndogondogo za volti, mithili ya fundi anayepanga matofali mpaka yafuate mchoro. Utando wa neva hulainisha ngazi hizo.

Mwaka uleule mashine ya Columbia ilipotangazwa, 2008, Marekani iliidhinisha tiba ya sumaku kwa wagonjwa wa sonona. Kifaa kilichoidhinishwa kilitumia wimbi la mtindo wa zamani, na mashine nyingi za kliniki zinalitumia mpaka leo.