Kufifisha Jeni

Mkazi wa Pasua anayepanda daladala kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kumuuguza nduguye mwenye saratani huenda akaambiwa kwamba jeni fulani imeharibika. Ni kweli, ila kuna jambo la pili ambalo lugha yetu bado hulitaja kwa shida: jeni yaweza kuwa nzima kabisa, maradhi yakatokana na kiasi cha kazi inayofanya.

Jeni hunakiliwa kwenye RNA mjumbe, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa kutengeneza protini. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo sana, walionyesha kwamba ipo RNA fupi isiyotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kujibandika kwenye RNA mjumbe ili isisomwe sana. Leo huitwa maikroRNA, ina herufi kama 22, na iliwapatia Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Wapo wanaokiita kitendo hicho kunyamazisha jeni. Mimi nashika kufifisha. Aliyenyamazishwa hasemi tena, lakini maikroRNA mara nyingi hupunguza tu, kama Mchagga anayeweka mawe na udongo kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ili maji kiasi yaingie shambani kwake na mengine yateremke kwa jirani. Tena kitenzi hiki kinanyumbulika vizuri: jeni hufifia, hufifishwa, na tukitaka nomino tunayo ufifishaji.

Tukipime kwa saratani yenyewe. Mwaka 2002 kundi la Carlo Croce, Marekani, lilikuta kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu wamepoteza kipande cha kromosomu 13 chenye maikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Baadaye ikajulikana kuwa hizo hufifisha BCL2, jeni inayozuia seli kufa. Zikikosekana, BCL2 haififishwi, na seli zilizopaswa kufa huendelea kuishi na kurundikana. BCL2 yenyewe yaweza kuwa haina kasoro hata moja.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni uvimbe wa taya wa watoto, ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana ndani ya seli zake. Miaka 40 baadaye vikawa virusi vya kwanza kujulikana kuwa na maikroRNA zao wenyewe, na baadhi yake hufifisha jeni za binadamu ambazo zingeiua seli iliyoambukizwa.