Asili ya Gari Dogo la Mizigo la Ford

Tukitaka kujua umri wa Ford Model T kuukuu, twatazama kwanza nambari iliyopigwa ubavuni mwa injini, upande wa kushoto. Lakini injini hubadilishwa, na nambari yaweza kutupoteza. Basi tulitazame na sanduku la mizigo.

Zamani wenye magari wengi walitengenezewa sanduku na maseremala. Ndipo tarehe 15 Aprili 1925 kiwanda cha Ford, huko Marekani, kilipotangaza gari lenye sanduku lake la chuma, kwa dola 281. Kwa hiyo sanduku hilo likionekana juu ya gari la mwaka 1920, limeongezwa baadaye. Nasi tusiling'oe la seremala kwa kutafuta uzuri. Huenda ndilo la asili.