Mkanda Uliotoka kwenye Cherehani

Fundi cherehani yeyote anajua kwamba sindano na bobini lazima ziende pamoja. Moja ikichelewa kidogo tu, uzi haukamatwi na mshono unaruka. Katika miaka ya 1940, mhandisi Richard Case wa kampuni ya L.H. Gilmer ya Philadelphia, Marekani, alitafuta namna ya kuziendesha kwa pamoja sehemu hizo za mashine za Singer bila gia wala mnyororo. Mikanda bapa iliyokuwapo iliteleza. Case akaja na mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, unaong'ata puli yenye meno pia. Haukuteleza, haukutaka kupakwa mafuta, wala haukupiga kelele.

Injini ya gari ilikuwa na shida ya aina hiyohiyo. Kila krenkishafti inapozunguka mara mbili, kamshafti, ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga valvu, inatakiwa izunguke mara moja tu, bila kupitiliza hata jino moja. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na gia, kama kwenye Ford Model T, au na mnyororo wa chuma. Vyote vilidumu, ila vilikuwa vizito, vyenye kelele, na vilitaka oili muda wote. Wahandisi walipoipandisha kamshafti juu ya silinda ili injini ivute pumzi vizuri zaidi, mnyororo ulilazimika kurefuka, na gharama ikapanda nao.

Waliothubutu kwanza walikuwa watu wa mashindano. Katikati ya miaka ya 1950, Mmarekani Bill Devin alichukua injini ya Panhard ya Ufaransa, akaifungia silinda hedi za pikipiki ya Norton, kisha akaziendesha kamshafti kwa mkanda wa Gilmer. Gari lenye injini hiyo lilishinda, lakini lilibaki chombo cha mbio.

Kulileta wazo hilo barabarani kulifanywa na kampuni ambayo wengi leo hawaijui. Hans Glas wa Dingolfing, Bavaria, Ujerumani, ukoo wake ulitengeneza mashine za kilimo kabla ya kuingia kwenye pikipiki na kigari kidogo kilichoitwa Goggomobil. Mwaka 1962 kiwanda chake kikaanza kuuza Glas 1004, gari la kwanza la kuuzwa kwa umma ambalo kamshafti yake ilizungushwa na mkanda wa meno. Miaka minne baadaye Glas ilimezwa na BMW. Mwaka huohuo wa 1966, Pontiac ya Marekani ilitoa injini ya silinda sita yenye mkanda, na Fiat ikaleta 124 Sport, ambayo injini yake ya kamshafti mbili ilibuniwa na Aurelio Lampredi, aliyewahi kuzisanifu injini za Ferrari. Kufikia miaka ya 1970, magari madogo kama Fiat 128, Honda Civic na Volkswagen Golf yalikuwa yameufanya mkanda kuwa jambo la kawaida.

Kiwanda kilifaidika kwa bei, uzito na utulivu. Bili ilihamia kwa mwenye gari.

Mnyororo uliochoka hulalamika: hugonga-gonga injini inapowaka, na fundi mwenye masikio huusikia mapema. Mkanda aghalabu hukatika kimya. Kwenye injini ambazo nafasi ya valvu na pistoni huingiliana, pistoni hupanda na kuzikuta valvu zimening'inia wazi. Valvu hupinda, na pengine pistoni hutoboka. Injini nyingi za dizeli ni za namna hiyo. Nyingine, kama 3S-FE ya Toyota, zimeachiwa nafasi ya kutosha, hivyo gari huzima tu na kumwacha dereva kando ya barabara. Kwa kuwa mkanda hautoi taarifa, watengenezaji walilazimika kuandika namba kwenye vitabu vyao: kilomita kadhaa, au miaka kadhaa, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mwenye gari aliyezoea kubadilisha oili na plagi sasa akaambiwa alipe ili kitoke kitu kinachoonekana kizima.

Desturi hiyo ilifika Afrika Mashariki zaidi kwa mlango wa Toyota. Kwenye Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, na kwenye Hiace za dizeli zilizobeba abiria wa matatu na daladala, dashibodi ina taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo kwa kawaida huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Taa hiyo haiupimi mkanda. Inahesabu kilomita tu. Dashibodi ikibadilishwa, au mtu akiizima taa bila kubadilisha mkanda, hesabu inapotea.

Magari yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani huja na ushahidi mwingine: stika iliyobandikwa karibu na injini, ikionyesha tarehe na kilomita za badiliko la mwisho. Hata asiyesoma Kijapani huziona tarakimu, ila wakati mwingine mwaka umeandikwa kwa kalenda ya enzi ya mfalme. Mwaka wa 15 wa enzi ya Heisei ni 2003.

Mkanda huo uliipanua pia kazi ya fundi. Kuufikia mkanda kunataka kuvua puli na makava, kuzipanga alama za taimingi, na mara nyingi kushusha mguu mmoja wa injini. Kwa hiyo ni hasara kurudisha beringi ya kukazia iliyochakaa, au sili za kamshafti na krenkishafti zinazovuja, maana oili hula mpira. Kwenye 3S-FE pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huohuo. Ikikwama au ikivuja, mkanda mpya huharibika. Ndiyo sababu maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huuza vitu hivi kama seti.

Wakati huohuo viwanda vilianza kurudi nyuma. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, Toyota ilirejesha mnyororo kwenye injini kama 1NZ-FE, inayopatikana kwenye Vitz na Probox nyingi za mitaani. Ford na Peugeot zilijaribu njia ya tatu, mkanda unaozunguka ndani ya oili, na kwenye injini ya PureTech ya Peugeot baadhi ya mikanda ilimomonyoka, vipande vyake vikaziba chujio la pampu ya oili. Lakini 1HZ haijaondoka: Toyota bado inaifunga kwenye Land Cruiser za Series 70 zinazouzwa Afrika kwa mashirika ya misaada, serikali na kampuni za utalii, zikiwa na mkanda wa meno mbele ya injini na taa ya T-BELT kwenye dashibodi.