Nani aliamua bei ya jeto? Mabaraza ya mji, tangu koloni mpaka kura ya 2023

Wandugu wa promosyo, swali hili limenifuata tangu mwaka wa kuandika memwari. Mjomba wangu wa Kama alinipa magunia ya mchele niuzishe Kindu, juu alijua niko na safari ya kwenda iniversite. Tukafika na moto, tukasimama pembeni ya soko. Mbele hata ya kushusha gunia la kwanza, kijana mwenye kadi shingoni akanikatia jeto ya parkingi. Nikalipa. Nusu saa haijapita, mwingine akaja na kitabu chake, naye anataka yake. Kwenye jeto ya kwanza bei ilikuwa imechapwa, halafu ikafutwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine juu. Nikamuuliza: baba, nani aliamua hii bei? Akanijibu neno moja: «Leta.»

Leta ni nani? Mimi ni mtu wa agronomia, si wa sheria wala historia, lakini niliamua kutafuta. Niliyoyapata yalinishangaza kidogo.

Tuanze na Kindu yenyewe, maana huu mji, ukiutazama vizuri, ulizaliwa kama parkingi. Upande wa kaskazini, mashua zilipanda kutoka Ubundu (wakati ule Ponthierville) mpaka hapa. Upande wa kusini kuna maporomoko ambayo mashua haiwezi kupita, kwa hiyo kampuni ya reli, CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na watu wa baron Empain, ikajenga reli ya Kindu mpaka Kongolo. Karibu na mwisho wa 1910 ilikuwa tayari. Mzigo unashuka kwenye mashua, unangoja, unapanda treni. Kungoja huko ndiko kulifanya mji. Wabelgiji waliuita hata Port-Empain, kwa jina la mwenye kampuni. Na kampuni haikupewa reli tu. Ilipewa mamilioni ya hekta za udongo. Kwa hiyo nani asimame wapi, nani ajenge wapi, hayo yaliamuliwa kati ya kampuni na administrateri. Hakuna aliyemuuliza mbeba mzigo.

Nyuma yake ikaja dekre ya 23 Novemba 1931, juu ya vile walivyoviita «centres extra-coutumiers», maana yake mitaa ya Waafrika waliotoka kwenye vijiji vyao na kuja kufanya kazi mjini. Pale ndipo ninaona neno baraza kwa mara ya kwanza: chifu wa centre na washauri wake. Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Lakini chifu na washauri waliteuliwa na wakubwa wa koloni, na kazi yao kubwa ilikuwa kusaidia kuhesabu watu, kugawa viwanja, kutunza usafi, kukusanya kodi. Mtu wa kijiji aliyetaka kuhamia mjini alihitaji karatasi ya ruhusa. Mwenye nyumba alipewa kitabu kidogo, livret de logeur, kinachosema anakaa pale. Udongo haukuwa wake. Mshike hilo neno livret, tutalirudilia.

Kura ya kwanza ya komini ilifika kwa kuchelewa. Tarehe 26 Machi 1957 Wabelgiji walitoa statut des villes, na Desemba ya mwaka ule watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville wakachagua washauri wa komini. Wanaume tu, mama zetu hawakuchagua. Ndipo Joseph Kasa-Vubu akawa burgumestre wa Dendale, na hotuba yake ya kuingia kazini, Aprili 1958, ikageuka kuwa hotuba ya kudai uhuru. Nafikiri wakubwa wa koloni walidhani komini ni mahali pa kuzungumzia mifereji na taa za barabarani. Walikosea, maana ukimpa mtu nafasi ya kuuliza nani alikata bei ya kiwanja, siku ya pili atauliza nani alikupa nchi. Miji mingine ikafuata mwisho wa 1958, na Desemba 1959 kura zikaenea sehemu nyingi za nchi. Kwa jirani zetu wa chini ya mto, Stanleyville, MNC ya Lumumba ilishinda kwa nguvu sana.

Miezi michache tu nyuma, uhuru. Na nyuma ya uhuru, vita na mageuzi ambayo hayakuacha baraza lolote limee mizizi.

Wakati wa Mobutu sitakawia. Komini zikawa «zones», burgumestre akawa «commissaire de zone», na huyo komiseri alikuwa pia mkubwa wa MPR kwenye eneo lake. Kulikuwa na kura za washauri wa miji mwaka 1977, na Februari 1982 ikatoka sheria ya kugawa madaraka, lakini chama kilikuwa kimoja, na mkubwa alitoka juu. Wazee wetu wakizungumza huduma za mji wa wakati ule wanakumbuka salongo: kila mtu na jembe lake, kusafisha mfereji bila franka. Sikatai, mifereji ilikuwa safi. Lakini ile kazi haikuamuliwa na wenye jembe.

Kitu kimoja cha wakati ule kingali kinatugusa kila siku: sheria ya udongo ya 20 Julai 1973. Inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, na wewe unapewa haki ya kuutumia. Zile livret za zamani zikafutwa. Lakini watu wa mitaani hawakubadilika haraka kama sheria. Mpaka leo mtu anaenda komini, anapewa karatasi ya parsele, anajenga nyumba ya matofali, anazaa watoto, halafu siku moja anakuja mwingine na certificat d'enregistrement iliyotoka kwa konservatere wa viwanja. Wote wawili walilipa. Karatasi ya komini mbele ya ile ya konservatere haina uzito, na wengi wanajua hilo siku wanayoitwa tribinali. Sisi wa agronomia tunaliona hili hata kwenye mashamba ya pembeni ya mji: mtu hapandi michikichi kwenye udongo ambao kesho utaitwa parsele ya mwingine. Anapanda mihogo, ya mwaka mmoja, basi.

Tarehe 20 Julai 1988 Kivu ya zamani ikagawanywa, Maniema ikawa jimbo, Kindu mji mkuu. Ofisi zikaongezeka, watu wakaongezeka. Halafu vita: AFDL 1997, RCD 1998. Vijana wa umri wangu tulizaliwa katikati ya hayo.

Sasa tufike kwenye konstitisyo ya 18 Februari 2006, ambayo tuliisoma sote kwenye iniversite na wengi tuliisahau nyuma ya egzame. Inasema mji, komini, sekteri na chefferie vinajiongoza vyenyewe, na mabaraza yake yanachaguliwa. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inaeleza namna gani: watu wanachagua baraza la komini, baraza la komini linachagua burgumestre na msaidizi wake, mabaraza ya komini yanachagua baraza la mji, baraza la mji linachagua mere. Tena kuna pesa. Asilimia 40 ya mapato ya taifa ibakie kwenye majimbo, na asilimia 40 ya hiyo ishuke chini mpaka kwenye miji, komini na sekteri. Piga hesabu: ni asilimia 16 ya mapato ya taifa. Kwa mfereji, kwa soko, kwa parkingi.

Hiyo asilimia 16 haijawahi kushuka vile sheria inavyosema. Na kura za komini zilingojewa tangu 2006 mpaka 20 Desemba 2023. Miaka 17! Katika muda huo wote mere na burgumestre waliteuliwa toka Kinshasa. Mkubwa aliyeteuliwa, asiye na pesa inayotoka juu, atalipa wafanyakazi wake na nini? Na jeto. Na taksi ya meza sokoni. Na karatasi ya parsele. Hapo ndipo nilimwelewa kidogo yule kijana wa kadi: hakuwa mwizi wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu. Hata maji na umeme havimo mkononi mwa komini, ni Regideso na SNEL, kampuni za taifa. Kilichobaki kwa komini ni kile kinachosimama barabarani: moto, kinga, mama mwenye meza ya mihogo.

Desemba 2023 Kindu ilichagua washauri wa komini zake tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli ya ng'ambo ya mto. Lakini hiyo kura ya nne ilifanyika Kinshasa na kwenye miji mikuu ya majimbo peke yake. Mimi nilichagulia Kama: mashine ilinionyesha kura tatu, rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo. Dada yangu wa Kasuku alipiga nne. Mchele ni wa Kama, jeto inalipwa na mtu wa Kama, baraza la kujadili jeto analichagua mtu wa Kasuku. Sisemi ni kosa la Kasuku. Nasema sekteri zetu nazo zimeandikwa kwenye ile sheria ya 2008, na hazijapiga kura hata moja.

Kwa waliochagua pia mambo hayakuisha pale. Miezi mingi nyuma ya kura, washauri sehemu nyingi za nchi walikuwa wangali wanalia mishahara, na kura ya kuchagua maburgumestre na mameya ilikuwa inasukumwa mbele. Walikuwa na kiti, mkubwa aliyeteuliwa alikuwa bado ofisini, sanduku lilikuwa tupu.

Mara ya mwisho nilipopeleka mchele nilikutana na mshauri mmoja pale pale sokoni. Nikamwonyesha ile jeto yangu ya zamani, ninaitunza ndani ya kalepi ya simu. Akaigeuza, akatafuta namba ya desizyo iliyoweka ile bei. Haikuandikwa. Akaniomba aipige picha, akasema ataiuliza siku baraza litakapokaa. Halafu akapanda moto yake, na yule kijana wa kadi akamsimamisha: hajalipa parkingi.