Sauti ya Clapton haikuwa kwenye gitaa tu

Ukitaka kuiga sauti ya gitaa la solo la Eric Clapton kwenye albamu ya Blues Breakers ya John Mayall (1966), usianze kwa kuhangaikia gitaa. Gibson Les Paul yake yenyewe iliibwa mwaka huohuo. Angalia amplifaya: Marshall ya vali, spika mbili za inchi 12.

Studio za London enzi zile zilitaka mpigaji ashushe sauti. Clapton akagoma, akafungulia kama yuko jukwaani. Kwa nini? Vali ikilishwa mawimbi makubwa kupita uwezo wake, hukata vilele vyake, tena kwa ulaini. Hapo huzaliwa hamoniki mpya, noti inanenepa na kuchelewa kufa. Spika nayo ikivuma mbele ya gitaa, nyuzi zinazidi kutikisika. Kwa mafundi wengi wa wakati ule, huo ulikuwa ubovu!

Sasa wewe una majirani. Weka kipunguza nguvu kati ya amplifaya na spika: vali zitaelemewa vilevile, ila umeme mwingi utageuka joto kabla ya kufika kwenye spika. Utakachokosa ni ule mtikisiko wa nyuzi.